Pendekezo la Mtumiaji na Sikio la Mwenye Nyumba: Uhakiki wa Mfumo wa Ubuntu

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliwaandikia watumiaji wa mfumo uitwao Minix ujumbe mfupi. Aliwaarifu kwamba anaunda mfumo endeshi mdogo, yaani programu kuu inayoiongoza kompyuta, kwa kujifurahisha tu, na akawauliza ni mambo gani ya Minix wanayoyapenda na yapi yanayowachukiza. Mwishoni aliongeza kwamba mapendekezo yote yanakaribishwa, ingawa haahidi kuyatekeleza, na baada ya maneno hayo akaweka alama ndogo ya tabasamu. Ujumbe huo umetajwa mara nyingi kama cheti cha kuzaliwa kwa Linux. Walakini wengi huupitia kwa ajili ya tarehe yake, na sehemu inayostahili kuchunguzwa zaidi, lile karibisho lenye sharti ndani yake, huachwa nyuma. Mwenyeji anamkaribisha mgeni sebuleni na papo hapo anamwonya kwamba chakula hakijaahidiwa.

Makala haya yanahakiki jinsi karibisho hilo lilivyotimizwa katika Ubuntu, mfumo unaojulikana kuliko yote kati ya mifumo ya Linux iliyokusudiwa kompyuta za mezani. Hoja yake ni hii: wenye Ubuntu walihesabu mapendekezo pale ilipowapasa kuyasoma, na watumiaji nao walitoa maagizo pale ilipowapasa kusimulia. Kati ya makosa hayo mawili la kwanza ndilo zito, kwa kuwa aliyeshika kalamu na ufunguo ni mwundaji.

Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza tarehe 20 Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa mwaka huohuo na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyetajirika baada ya kuuza kampuni yake ya Thawte mwaka 1999, na aliyesafiri angani mwaka 2002 kwa gharama yake mwenyewe. Jina alilolichagua halihitaji mkalimani kwa wasomaji wa jarida hili. Mzizi wake ni uleule uliozaa mtu na utu katika Kiswahili. Waluba husema bumuntu. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno ubuntu linabeba utu na ukarimu pamoja, na kitu kinachotolewa ku buntu ni kitu kinachotolewa bure. Shuttleworth alilichukua neno katika lugha za Kinguni za nchini kwake, lakini hiyo maana ya jirani inaufaa mfumo wake ajabu, kwani Ubuntu haikuuzwa. Tangu 2005 hadi 2011 kampuni ilituma hata diski zake kwa posta, pasipo malipo, kwa yeyote aliyeomba. Kaulimbiu ya miaka ya mwanzo ilisema kwamba hii ni Linux kwa ajili ya binadamu. Jina na kaulimbiu vikisomwa pamoja vinatoa ahadi kubwa kuliko ile ya Torvalds. Torvalds aliahidi kusikia tu. Ubuntu iliahidi kwamba atakayesikilizwa ni mtu, na mtu, kwa maana ya kale ya neno hilo, hakamiliki ila kwa wenziwe.

Ajabu ni kwamba lalamiko la kwanza kabisa katika daftari la kasoro za Ubuntu halikuandikwa na mtumiaji wa kawaida. Liliandikwa na Shuttleworth mwenyewe, Agosti 2004, kabla hata toleo la kwanza halijatoka. Lilisema kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa mno ya soko la kompyuta, na kwamba hiyo ndiyo kasoro ya kurekebishwa. Lilibaki wazi hadi tarehe 30 Mei 2013, alipolifunga akieleza kuwa simu na vifaa vidogo vimeligeuza soko lenyewe. Likisomwa kama maandishi, lalamiko namba 1 ni tangazo la vita. Halimweki mbele ya msomaji mtu yeyote aliyeketi mbele ya kioo akishindwa kufanya jambo. Daftari lililokusudiwa kukusanya taabu za watu lilifunguliwa kwa shabaha ya mwenye nyumba, na mtindo huo wa kutazama soko kwanza na mkono wa mtumiaji baadaye utaonekana tena mbele.

Kabla ya kufika huko, hapana budi kulitaja jibu ambalo watumiaji wengi wa Linux wamewahi kulisikia: msimbo uko wazi, rekebisha mwenyewe. Kisheria jibu hilo ni sahihi. Leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, inampa kila mtu haki ya kuisoma programu, kuibadilisha na kuigawa. Mwaka 2011 haki hiyo ilionekana ikitenda kazi waziwazi. Mradi wa GNOME, unaotengeneza madirisha, menyu na vitufe ambavyo mtumiaji huviona kwenye kioo, ulitoa toleo la 3 lililoacha desturi nyingi za toleo la 2, na waliokasirika hawakuishia kulalamika. Mtumiaji mmoja aliichukua GNOME 2 akaipa maisha mapya kwa jina la MATE, na wenye Linux Mint wakaunda mazingira yao waliyoyaita Cinnamon. Mwaka 2015 Ubuntu yenye MATE ilitambuliwa rasmi kuwa mmoja wa ndugu wa Ubuntu. Pendekezo lililokataliwa kwenye mlango wa mbele lilikuwa limeingia kwa mlango wa uani.

Hata hivyo, waliofanya hayo ni mafundi. Mwandishi wa programu na mwalimu wa shule ya msingi wamepewa haki ileile ya kubadilisha msimbo, ila mmoja wao tu ndiye mwenye zana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wasema wahenga, na katika jambo hili anayelala kitandani aghalabu si seremala. Kumwambia ashike randa mwenyewe ni kumnyima seremala habari pekee asiyoweza kuipata karakanani kwake.

Wenye Ubuntu walilifahamu hilo, na juhudi yao ya kwanza ya kuwasikiliza watu wengi kwa pamoja inastahili heshima. Mwaka 2007 kampuni ya Dell iliwaomba wateja wake mawazo. Ombi la kuuziwa kompyuta zenye Linux lilipata kura nyingi sana, na kabla mwezi Mei wa mwaka huo haujaisha Dell ilikuwa ikiuza nchini Marekani kompyuta zenye Ubuntu. Mfano huo ulishawishi. Februari 2008 Ubuntu nayo ilifungua baraza lake, lililoitwa Brainstorm, ambamo kila mtu aliweza kuandika wazo na wengine kulipigia kura ya kulipandisha au ya kulishusha. Yaliyopanda yakawa juu ya orodha, yaliyoshuka yakazama.

Kasoro ya utaratibu huo haikuwa uchache wa washiriki. Ni kwamba kura hupima ukubwa wa hamu, wala haipimi uzito wa taabu. Rangi ya kioo huonekana na wote, basi kila mtu anaweza kuipigia kura, na kweli rangi ya kahawia ya Ubuntu ya zamani ilijadiliwa kwa miaka mingi kana kwamba ndiyo iliyowazuia watu kufanya kazi. Hitilafu ya Orca, programu inayowasomea vipofu yaliyo kwenye kioo, haiwezi kupata wapiga kura wengi hata ikiwa imemfungia mtu nje kabisa. Isitoshe, wazo lililowekwa tayari kwa kupigiwa kura hulazimika kuwa fupi na kamili: ongezeni kitu fulani, ondoeni kitu fulani. Mgonjwa anafika kwa daktari akiwa na jina la dawa mkononi, na nyuma yake wamepanga foleni jamaa mia tatu wanaoiunga mkono dawa hiyo. Hakuna hata mmoja aliyesema ni wapi panapouma. Wasimamizi wenyewe walikuja kuliona tatizo hilo, wakaubadilisha utaratibu ili maelezo ya shida yatenganishwe na suluhisho, na shida moja iweze kuwa na masuluhisho kadhaa yanayoshindana. Hiyo ilikuwa hatua ya busara kuliko zote katika historia ya baraza hilo. Mwishoni mwa 2010 viongozi wa ufundi walianza pia kuyajibu hadharani mawazo kumi yenye kura nyingi. Lakini desturi ya kuhesabu ilikwisha kuota mizizi, na Brainstorm ikafungwa mwaka 2013.

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea katikati ya kipindi hicho. Machi 2010, toleo la 10.04 likiwa linatayarishwa, waliokuwa wakilijaribu waliona kwamba vitufe vitatu vya dirisha, cha kulifunga, cha kulishusha na cha kulipanua, vimehamishwa kutoka pembe ya kulia hadi upande wa kushoto. Badiliko hilo halikutokana na ombi la watumiaji. Malalamiko yakamiminika, na mengi yakaambatana na dai kwamba jumuiya ipewe nafasi ya kuamua. Shuttleworth alijibu kwamba Ubuntu si utawala wa kura: maoni mazuri na takwimu vinakaribishwa, bali maamuzi ya usanifu hayapigiwi kura. Alieleza kuwa nafasi iliyoachwa upande wa kulia ingetumika kwa jambo jipya, na mwezi Mei akalitangaza, viashiria vidogo vya kila dirisha. Viashiria hivyo havikufika katika toleo lolote.

Jibu hilo limelaumiwa sana, pengine kupita kiasi. Msingi wake ni wa kweli: nyumba iliyochorwa kwa kura ina milango kila ukuta. Tena haikuwa haki kudai utawala wa kura kwa mfumo ambao haukuwahi kuuahidi. Jina la utu halina maana ya uchaguzi. Penye udhaifu ni pale aliposema kwamba takwimu zinakaribishwa. Mtu ambaye mkono wake umezoea kwa miaka kumi na mitano kwenda pembe ya kulia bila kuangalia, na ambaye sasa anafunga kazi yake kwa bahati mbaya au anatafuta kitufe kila mara kama mgeni, huyo amekwisha kutoa ushahidi. Haukuja kwa umbo la takwimu, ulikuja kwa umbo la hasira. Msomaji makini angeutoa ushahidi ndani ya hasira hiyo. Msimamizi aliiona hasira, akaihesabu kuwa kura, akaitupa pamoja na kura.

Kwamba kusoma kuliwezekana kunathibitishwa na jambo dogo ndani ya kisa hichohicho. Mpangilio wa mwanzo ulikuwa umekiweka kitufe cha kufunga ndani, mbali na pembe. Katika toleo lililotoka Aprili kilikuwa kimesogezwa pembeni kabisa. Hoja ya pembe ni hoja inayoweza kuelezwa: mkono ukitupwa kwenye kona ya kioo hauhitaji kulenga, kwa maana kioo chenyewe huusimamisha. Upande haukubadilika, ila mpangilio ulibadilika. Na hivyo watumiaji walipata katika toleo moja kuondolewa kwa rangi ya kahawia waliyoilalamikia, wakapoteza upande wa vitufe ambao hakuna lawama waliyokuwa wameutolea. Vitufe vilirudi kulia katika toleo la 17.10, Oktoba 2017.

Yaliyofuata yanaweza kusimuliwa kwa ufupi zaidi. Aprili 2011 Ubuntu iliacha mazingira ya GNOME ikaweka yake yenyewe, Unity, yenye safu ya alama za programu iliyosimama wima kushoto mwa kioo. Sababu yake haikuwa mbaya: vioo vipya vilikuwa vipana na vifupi, basi ni afadhali kula upana kuliko kula kimo. Watumiaji wakaomba ruhusa ya kuishusha safu hiyo chini. Ombi likakataliwa, kwa hoja kwamba safu lazima ikae karibu na kitufe cha Ubuntu kilichokuwa kwenye pembe. Ruhusa ilikuja katika toleo la 16.04, Aprili 2016, na Aprili 2017 Shuttleworth akatangaza kwamba Unity yenyewe inaachwa.

Suala la Amazon lilikuwa zito zaidi, kwa kuwa liligusa uaminifu. Katika toleo la 12.10, la Oktoba 2012, aliyetafuta faili au programu ndani ya kompyuta yake alionyeshwa pia bidhaa za Amazon, maana maneno aliyoyaandika yalikuwa yakitumwa nje. Hapa watumiaji walieleza shida yao vizuri sana: mtu anayetafuta barua yake nyumbani kwake hatarajii muuza duka asikie. Walipata kiasi: swichi ya kuzima utafutaji huo iliongezwa. Lakini iliachwa ikiwa imewashwa tangu mwanzo, mpaka toleo la 16.04 lilipoizima. Stallman aliyaita mambo hayo upelelezi, neno kali ambalo hata hivyo halikuwa mbali na ukweli. Ndipo inapoonekana tena ile tabia ya lalamiko namba 1. Kampuni iliyotafuta njia ya kujilipia ilitazama soko, na mtu aliyekuwa akitafuta barua yake akageuka sehemu ya soko hilo.

Ingekuwa dhuluma kuandika historia hii kana kwamba ni ya ukaidi mtupu. Mwaka 2009, kabla ya mambo ya vitufe, kikundi cha usanifu cha Canonical kilianzisha kazi ambayo jina lake linaweza kutafsiriwa mikato mia ya karatasi. Watumiaji waliombwa kuleta udhia mdogo, ule unaomkwaruza mtu kama ukingo wa karatasi unavyokwaruza kidole: usioua, usiomzuia kufanya kazi, lakini unaorudi kila siku. Masharti yalikuwa mawili makubwa. Udhia uwe ni ule ambao mtumiaji wa kawaida ataukuta katika mfumo kama ulivyosakinishwa, na uwe rahisi kurekebishwa. Mawazo makubwa, programu mpya na ndoto za kumshinda fulani havikutakiwa.

Masharti hayo yanaonekana kama mipaka, na kwa hakika ni mipaka. Ila mipaka hiyo ilibadilisha umbo la maandishi. Mtu aliyezuiwa kuagiza dirisha jipya alilazimika kueleza alichokuwa akifanya, alichotarajia kukiona na alichokiona badala yake: neno lisiloeleweka kwenye menyu, onyo linalotokea pasipo sababu, alama mbili zenye sura moja na kazi mbalimbali. Huo ni usimulizi. Una mhusika, una tendo, una mgogoro. Mtengenezaji akiusoma anaweza kukaa kwenye kiti cha mhusika, na dawa anaichagua mwenyewe, maana ndiye ajuaye dawa. Kulinganisha kazi hii na Brainstorm ndiko kunakoitetea hoja ya makala haya kuliko kisa kingine chochote. Kampuni ni ileile na jumuiya ni ileile. Kilichotofautiana ni aina ya maandishi yaliyoombwa.

Linabaki swali la sauti ya nani husikika hata usimulizi unapokuwa mzuri. Oktoba 2017 toleo la 17.10 lilitoka bila diski ya kusakinisha Ubuntu ya mezani kwenye kompyuta zenye prosesa za biti 32. Wenye kompyuta hizo walikuwa wachache Ulaya na Marekani. Katika vyumba vingi vya mafunzo barani Afrika, vilivyojazwa mitambo iliyokwisha kutumika kwingine, hesabu ilikuwa nyingine. Uamuzi haukurudishwa nyuma. Juni 2019 Canonical ilitangaza hatua iliyofuata, kwamba kuanzia toleo la 19.10 haitatayarisha tena vifurushi vyovyote vya biti 32. Safari hii waliodhurika walikuwa wengine: programu nyingi za michezo huvihitaji vifurushi hivyo hata katika kompyuta mpya. Valve, yenye duka la michezo la Steam, ilisema kwamba haitalihudumia toleo hilo, na waundaji wa Wine, programu inayowezesha programu za Windows kuendeshwa ndani ya Linux, nao wakaeleza matatizo yao. Wiki haikuisha, Canonical ikatangaza kwamba vifurushi teule vitabaki.

Marekebisho ya 2019 yalikuwa sahihi, na hoja za Wine zilielezwa kwa ufundi wa kutosha. Lakini haielekei kuwa ni ubora wa maelezo peke yake uliofanya sikio lifunguke ndani ya wiki moja. Mwenye kompyuta ya mtumba hana duka la kulifunga. Kinga yake ilitoka mahali pengine: Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, na ambao huendeshwa na watu wa kujitolea, uliendelea kusakinishwa kwenye mitambo hiyo hadi toleo la 12, na uliacha katika toleo la 13, la Agosti 2025.

Tena kuna suala la lugha, ambalo wanaoandika juu ya mambo haya hulipita upesi. Lugha ya daftari la kasoro, ya Brainstorm na ya mikato mia ya karatasi ilikuwa Kiingereza. Ikiwa pendekezo bora ni lile linalosimulia, basi anayesimulia kwa lugha ya tatu ana hasara maradufu. Mwanafunzi wa Lubumbashi, aliyesoma kwa Kifaransa na kuishi kwa Kiswahili, akitaka kueleza kwamba kibodi yake ya azerty imegeuka kuwa ya Kiingereza baada ya kuwasha upya kompyuta, atakata maelezo yake mpaka yabaki maneno manne, na maneno manne hayo yatasomeka kama amri au kama ufidhuli. Msomaji wa upande wa pili atayahesabu. Hatajua kwamba nyuma yake kulikuwa na kurasa mbili ambazo zingemfaa sana.

Tafsiri ilitarajiwa kuziba pengo hilo kwa upande mmoja. Tangu mwanzo Ubuntu iliwapa watu wa kujitolea chombo cha kutafsiria, ndani ya mtambo uleule wa Launchpad unaotunza daftari la kasoro. (Mtambo huo wenyewe ulikuwa wa msimbo uliofungwa, jambo la kushangaza kwa mfumo huria, baada ya madai ya muda mrefu ulifunguliwa Julai 2009, na hilo lihesabiwe miongoni mwa mapendekezo yaliyotimizwa.) Humo, tafsiri ya mtu asiye mwanachama wa kikundi cha lugha yake huitwa pendekezo, nayo husubiri mhariri aikubali. Neno ni lilelile. Kwa lugha yenye wahariri wengi kungoja huko ni kwa siku chache; kwa lugha yenye wahariri wachache, pendekezo hukaa kama barua iliyotumwa ofisi isiyo na karani. Kiswahili hakikuanza mikono mitupu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Kilichopungua baada ya hapo ni watu wa kukaa na sentensi moja moja na kuamua.

Upo pia udhia ambao mtaalamu wa programu hawezi kuuona hata akitafsiriwa kila kitu. Vikagua tahajia vya mifumo hii hutumia aghalabu Hunspell, programu iliyozaliwa kwa ajili ya Kihungaria, lugha inayorundika viambishi vyake mwishoni mwa neno. Kitenzi cha Kiswahili hurundika mwanzoni. Katika hawakutuandikia pana kikanushi, nafsi, njeo na mtendwa kabla ya mzizi kufikiwa, na baada yake kauli ya kutendea. Mzizi mmoja wa -andik- huzaa kwa njia hiyo maelfu ya maumbo, ambayo orodha ya maneno haiwezi kuyamaliza. Mtumiaji anayesema kwamba kikagua tahajia cha Kiswahili ni kibovu amepiga kura. Anayeandika kwamba chombo kilikubali hawakuandika, kikakubali kuandikia, kisha kikaipigia mstari mwekundu hawakutuandikia, na kwamba hali ni hiyohiyo kila kiambishi cha mtendwa kinapoingia, huyo amemwonyesha seremala mahali penyewe kunguni alipojificha. Kazi ya kukusanya maumbo ya namna hiyo, mia moja au mia mbili, pamoja na maelezo ya kila moja, haihitaji kujua kuandika programu. Inahitaji mwanafunzi wa mwaka wa pili wa isimu, kompyuta moja, na mwalimu wa kumsahihishia njeo.